Shule Njema ni Ipi?

(Maneno ya mazungumzo kwa wazazi wa Kitengela na Kajiado)



Leo nataka tuulizane neno moja: shule njema ni ya namna gani? Katika nchi hii ya Kajiado kila zama zilikuwa na jibu lake.

Wakati wa ukoloni, Wamasai wengi waliiona shule kuwa kama kodi. Chifu alipodai watoto, mzee alimtoa mmoja, na mara nyingi hakumtoa yule aliyemtegemea kwa kuchunga ng'ombe. Shule njema ilikuwa ile isiyodai watoto wengi.

Baada ya Uhuru wa 1963 mambo yaligeuka. Ardhi ya jamii ilikatwa vipande, malisho yakapungua, na mzee akatambua ya kuwa ng'ombe peke yao hawatawalisha wajukuu. Katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga shule za bweni katika nchi za wafugaji, ili masomo yasikatike kila boma linapohama. Shule njema ikawa ile yenye kitanda na chakula. Mjini Kajiado, shule ya bweni ya wasichana ya AIC, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilipata sifa kwa kuwahifadhi wasichana waliokimbia kuozwa wangali wadogo.

Kisha ukaja mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hata 2023. Shule zikapangwa magazetini kwa alama. Mwaka 2014 Serikali ilikataza kuzipanga hivyo, lakini wazazi hawakuacha kuuliza, "Wastani wenu ni ngapi?" Kitengela ilipokua, shule za watu binafsi zilichipuka huko kwa wingi, na mabango yakatangaza alama. Bango halikumtaja mtoto aliyekaririshwa darasa ili asiushushe wastani.

Mtihani ule sasa umekwisha, na mtaala mpya wataka kujua mtoto aweza kufanya nini. Hata hivyo, swali la wengi wetu ni lile lile la alama.

Nawaombeni tuongeze swali jingine: walioingia darasa la kwanza wako wapi? Katika ukame wa 2022 ng'ombe wengi walikufa, na ng'ombe ndio karo ya mfugaji. Binti anayeachishwa masomo kwa ajili hiyo hana alama yo yote, wala haushushi wastani wa shule. Hesabu ya shule hubaki safi, naye amepotea.

Mfugaji arudishapo kundi jioni hahesabu walionona tu. Huhesabu wote, na akimkosa ndama mmoja hatapata usingizi mpaka amjue alipo. Basi, katika mkutano ujao wa wazazi, kabla ya kuuliza matokeo, ombeni daftari la mahudhurio lisomwe. Shule iwezayo kuwaelezeni alipo kila mtoto, na iliyomfuata aliyekosekana mpaka bomani kwao, hiyo ndiyo shule njema.