Kushusha Paa la Asbestosi: Hatari Iko Wapi, Gharama Iko Wapi

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya mafundi ujenzi, kamati za shule na viongozi wa vitongoji, Segese, Halmashauri ya Msalala



Nimeombwa nizungumzie usalama na gharama za kuondoa asbestosi kwenye nyumba. Neno langu ni hili: paa la asbestosi lililo zima linaweza kusubiri, lakini paa linaloshushwa kienyeji linaua. Kwa hiyo asiye na fedha za kulifikisha paa hilo mpaka kwenye shimo la kulizikia, asianze kuligusa.

Segese si mji wa mapaa ya asbestosi. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa bati, na nyingine bado kwa nyasi. Asbestosi tunaitarajia kwenye majengo ya taasisi yaliyojengwa miongo mingi iliyopita, na pia, jambo linalonitia hofu zaidi, kwenye vigae vya mtumba. Jengo kongwe linavunjwa mjini, vigae vyake vinauzwa kwa bei ya kutupa, vinapakiwa kwenye lori, vinaishia kuwa paa la jiko, ukuta wa choo au banda la kuku. Nimeliona banda la namna hiyo katika ukanda huu huu wa dhahabu. Vigae vitatu vilikuwa vimekatwa kwa msumeno wa mbao ili vienee, unga wa kijivu umelala juu ya pumba za kuku, na watoto wawili wanaokota mayai humo humo. Mwenye banda ni mtu mwangalifu. Nguo zake za machimboni haziingii ndani ya nyumba. Ila hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba unga ule si vumbi la saruji tu.

Asbestosi ni madini yanayochimbwa ardhini, yenye umbo la nyuzi. Kwenye vigae vya kuezekea nyuzi hizo zilichanganywa na saruji, kwa kawaida sehemu 10 hadi 15 kati ya 100. Kigae kikiwa kizima, saruji huzishika. Ukikikata, ukikigonga kwa nyundo, ukikitoboa au ukikisugua kwa brashi ya waya ili kuondoa kuvu, zinaachia na kuelea hewani, nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Ukizivuta zinakwama ndani ya mapafu na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Zinaleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka mapafu iitwayo mesotelioma. Ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbestosi waliyoivuta kazini. Anayevuta sigara juu yake huongeza sana uwezekano wa kupata saratani ya mapafu.

Kuna historia ambayo sisi wa maeneo ya migodi inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1960 daktari wa Afrika Kusini, J. C. Wagner, na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, karibu wote wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbestosi ya buluu ya jimbo la Cape. Wengi wao hawakuwahi kushika sururu mgodini. Walikuwa wameishi jirani na machimbo, na wengine walicheza utotoni kwenye malundo ya mabaki. Miaka mitano baadaye uchunguzi uliofanywa London ukaonyesha wagonjwa ambao kosa lao lilikuwa kuishi nyumba moja na mfanyakazi wa asbestosi. Miongoni mwao wamo waliofua nguo zake. Hapa kwetu watoto wanacheza juu ya marudio, yaani mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyokwisha kusagwa, kila siku na mama ndiye anayefua ovaroli, kwa hiyo tunajua vumbi linavyotembea kutoka kazini hadi kitandani.

Tena mapafu ya watu wa hapa hayaanzi yakiwa safi. Anayefanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, anavuta vumbi la mawe yenye silika, ambalo nalo huleta makovu na kumfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Fundi wa kupaua mara nyingi ni yule yule aliyekuwa karashani msimu uliopita. Akienda kituo cha afya na kikohozi kisichoisha, ni vizuri amweleze daktari kazi zote alizowahi kufanya, hata za miaka ishirini nyuma, maana daktari asiyeambiwa atatibu anachokizoea.

Swali ninaloulizwa kila mahali ni la maji ya mvua: je, yanayokingwa kutoka paa la asbestosi yanafaa? Shirika la Afya Duniani limelipitia jambo hili na halijapata ushahidi thabiti kwamba asbestosi iliyomo katika maji ya kunywa inadhuru kwa kumezwa. Njia ya hatari ni pumzi. Kwa hiyo mwenye simtanki chini ya paa hilo asipande kulikwangua kwa nia ya kusafisha maji. Hapo ndipo anapojitengenezea balaa. Na tope linaloganda kwenye mfereji wa bati litolewe likiwa bichi, lisiachwe likauke na kupeperuka.

Namna ya kuishusha

Kigae cha asbestosi kinavunjika chini ya mguu. Kabla ya saratani ya miaka thelathini ijayo kuna kifo cha siku hiyo hiyo: fundi anakanyaga katikati ya papi mbili, kigae kinapasuka, anaanguka sakafuni. Mtu asisimame juu ya kigae. Alaze mbao pana inayovuka papi mbili au tatu, au afanyie kazi kwenye jukwaa kutokea chini.

Vigae vilowanishwe kabla ya kuguswa na viendelee kulowanishwa. Hapa hatuhitaji mashine ya kuagiza. Bomba la mgongoni la kupulizia pamba, lililosafishwa sawasawa kwa kuwa lilibeba sumu, likijazwa maji yenye sabuni kidogo na kufungwa presha ndogo, linatoa ukungu unaotosha. Maji ya ndoo ya kumwagwa yanakimbilia mferejini na kuacha sehemu kubwa ikiwa kavu. Kisha boliti zifunguliwe kwa spana au zikatwe kwa koleo upande wa juu, kigae kinyanyuliwe kizima na kupokewa kwa mikono ya watu wawili. Nyundo ibaki chini, na grinda isiletwe kabisa.

Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali haziwezi kazi hii. Inatakiwa barakoa ya kuchuja chembe laini, isiyopungua daraja la FFP3 au P100, inayobana uso. Mwenye ndevu anyoe, la sivyo hewa itapita pembeni. Ovaroli ziwe za kutupwa pamoja na vigae. Chakula, maji ya kunywa na sigara vikae mbali. Mafundi waoge pale pale kabla ya kurudi kwao. Usafi wa uwanja ufanywe kwa matambara mabichi, kwani fagio kavu linarudisha hewani kila tulichokizuia.

Fedha inakwenda wapi

Wengi wanapopiga hesabu wanaona mambo mawili, ufundi wa kubomoa na bei ya bati jipya. Tuchukue darasa moja la kawaida, ambalo paa lake pamoja na vizingio lina kama mita za mraba 80. Kigae cha milimita 6 kina uzito wa takriban kilo 15 kwa mita moja ya mraba. Hizo ni kilo 1,200 za taka hatarishi kwa darasa moja. Jengo la madarasa matatu ni tani tatu na zaidi. Zote zifungwe kwenye nailoni nzito tabaka mbili, zibandikwe maandishi ya onyo, zisafirishwe kwa gari lisilobeba abiria wala mahindi siku hiyo, na zizikwe. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, taka hatarishi hazisafirishwi bila kibali, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwisha mwajiri wajibu wa kumkinga mfanyakazi. Kamati ya shule ikimwita fundi, imekuwa mwajiri.

Halafu kuna gharama zinazojificha kwenye kenchi. Papi za vigae vizito ziliachana sana kuliko bati jembamba linavyohitaji, hivyo papi za katikati lazima ziongezwe. Bati la geji 28 au 30 halifiki kilo 4 kwa mita ya mraba. Paa lililokuwa likitulizwa na uzito wake sasa linaweza kubebwa na upepo, na kenchi zifungwe upya kwenye ukuta. Darasa litakuwa na joto na kelele za mvua, kwa hiyo silingibodi nayo iingie kwenye bajeti.

Nchi nyingine za Afrika zimetangulia na tuangalie zilipokwama. Rwanda imekuwa ikiondoa asbestosi nchi nzima chini ya mamlaka yake ya nyumba, ikaanza kwa kuhesabu mapaa, ikapata zaidi ya mita za mraba milioni 1.6, ikafundisha vikundi vya kushusha na kutenga mashimo ya kuzikia. Kazi kubwa imefanyika. Hata hivyo tarehe za mwisho zimesogezwa zaidi ya mara moja, na waliobaki nyuma ni pamoja na wenye nyumba wasioweza kulipia paa jipya. Afrika Kusini ina mfano wa kuumiza zaidi. Katika jimbo la Free State, mwaka 2014, ulitolewa mkataba wa randi milioni 255 wa kukagua tu nyumba zenye mapaa ya asbestosi, kabla hata kigae kimoja hakijashushwa. Suala hilo limekuwa kesi ya rushwa mahakamani, na washitakiwa wamekana. Wakati wakubwa wakibishana juu ya fedha, maskini wamebaki chini ya paa lile lile. Ndiyo maana naona fedha yoyote itakayopatikana hapa ianzie shimoni na kwenye usafiri, makongamano ya tathmini yafuate.

Lakini kusubiri nako kuna mipaka, na sisi wa Msalala hatuhitaji kuambiwa. Machi 2015 mvua ya mawe na upepo ilipiga Mwakata, humu humu Msalala, na kuua watu zaidi ya 40. Mvua ya namna ile ikikuta paa la asbestosi, litashuka lenyewe, likiwa vipande, na watu watavikusanya kwa mikono mitupu wakitafuta vyombo vyao. Paa lenye nyufa, lililochakaa kingo, au lililo juu ya watoto ndilo litangulizwe. Lililo zima lipakwe rangi ya kuziba bila kukwanguliwa, na lisitobolewe kwa ajili ya waya wa umeme au antena.

Sasa kuhusu shimo. Najua mtu atasema maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa ni mengi, tutupe humo. Nawasihi msifanye hivyo. Duara la Segese haliachwi moja kwa moja. Bei ya dhahabu ikipanda linafunguliwa, na marudio yanauzwa na kusagwa tena. Kigae kilichotupwa leo kitapita kwenye karasha baada ya miaka kumi, na vumbi lake litavutwa na kijana ambaye hajui kilitoka wapi. Shimo linalofaa lichimbwe mahali ambapo hapatachimbwa dhahabu, mbali na visima na mkondo wa maji, na vigae vifunikwe siku hiyo hiyo kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa.

Ombi langu kwa kamati ya maendeleo ya kata ni kwamba, kupitia ofisi ya mazingira ya halmashauri na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), eneo moja kama hilo litengwe na liandikwe kwenye ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji, pamoja na vipimo vyake na jina la taasisi iliyozika. Nakala moja ikae kwa mtendaji na nyingine halmashauri, kwa sababu watendaji huhamishwa. Kwa kamati za shule, naomba makadirio ya ukarabati yatakayoletwa mwaka huu yawe na mstari wa nailoni, barakoa, usafiri na shimo, na yasipitishwe yakiwa na mstari wa bati peke yake.