Watu hawabaki Windows kwa sababu wanaipenda

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana, Moshi Mjini. Nayaweka hapa kwa walioyaomba.)

 

Nimepewa dakika chache, kwa hiyo nitaongelea jambo moja: kwa nini, pamoja na malalamiko yote, wengi wetu bado tupo Windows wakati Linux ipo na ni bure?

Tuanze na kinachotubana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai kompyuta yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Sasa jiulize, hizi laptopu za mtumba tunazonunua ni za mwaka gani? Mashine nzima kabisa, inawaka, lakini mwenye programu ameshasema basi.

Na wengi hata hiyo Windows hatukuinunua, fundi aliikraki. Mimi nasoma sheria, niwaambie wazi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Chama kinachodai utawala wa sheria hakiwezi kutunza orodha ya wanachama wake kwenye programu ya wizi. Tena aliyeikraki ndiye anayejua ameacha mlango gani wazi. Majina na namba za simu za wenzetu zimo humo.

Hapo kijana wa IT anasimama: "Si mhamie Linux tu!" Watu wasipohama, anawaita washamba. Hapo ndipo ninapobishana naye.

Mfikirie dada wa steshenari karibu na stendi. Wateja wanamletea flashi yenye faili la Word: barua ya kuomba kazi, katiba ya kikundi. Akilifungua kwa LibreOffice, mara nyingi linafunguka vizuri. Lakini siku jedwali likiruka ukurasa wa pili, mteja hailaumu Microsoft. Anavuka barabara kwa jirani. Mhasibu wa duka naye ana programu ya mahesabu inayokubali Windows peke yake. Printa ikigoma, fundi wa Windows yupo kila kona, wa Linux utamtafuta. Na mwanafunzi wa kule Marangu, kupakua Ubuntu ni zaidi ya GB 5 za bando. Bure hiyo ina nauli yake.

Hao sio wajinga. Wamepiga hesabu: faida ya kuhama ni ya kesho na ni ya wote, ila hasara ni ya leo na ni ya mtu peke yake.

Kiswahili peke yake nacho hakikutosha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ya heshima. Lakini ingia ofisini leo, utakuta Word. Hata wenye pesa wamekwama: jiji la Munich, Ujerumani, lilihamishia Linux kompyuta karibu 15,000, halafu mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows.

Sisi wa mlimani tunapaswa kujua dawa. Mkulima mmoja wa Kibosho asingeweza kubishana bei na mnunuzi wa kahawa. Ndo maana mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Waliingia sokoni pamoja.

Basi na sisi tuanze na ofisi moja ya kata. Kwanza tuweke LibreOffice na Firefox juu ya Windows ileile, watu wazoee. Barua zikikamilika zitumwe kwa PDF, zisiharibike njiani. Mmoja apakue Ubuntu, wengine tuipokee kwa flashi. Inajaribiwa hukohuko kwenye flashi bila kufuta kitu. Na kila Jumamosi mmoja wetu akae pale ofisini kusaidia anayekwama. Ambaye kazi yake haiwezekani bila Windows, abaki, ila ainunue kihalali, na asiitwe msaliti.

Makamanda, mtaani tunakutana na watu wanaolalamikia waliopo madarakani, halafu wanabaki walipo, na sisi haraka tunawaita waoga. Kabla hujamwita mtu mwoga, muulize kuhama kutamgharimu nini. Halafu mwambie nani atakuwa naye siku printa itakapogoma.