Uongozi Huanzia Mtaani, Si Kwenye Bango



Kila nikikaa na vijana wanaotamani uongozi, swali huwa moja: "Pesa za kampeni nitatoa wapi?" Ni nadra kusikia, "Hii kazi nitajifunza wapi?" Leo nataka tuzungumze kuhusu hilo la pili, maana kushinda kura hakumfundishi mtu kazi.

Nikupe kisa changu. Mara ya kwanza kuhudhuria kikao cha bajeti ya kaunti, nilisimama nikapaza sauti: "Mtaa wetu umesahauliwa!" Vijana wakapiga makofi. Ofisa mmoja akaniuliza kwa upole, "Unazungumzia mradi upi? Uko ukurasa gani?" Nikakaa. Karatasi zenyewe sikuwa nimezifungua.

Mwaka uliofuata tulijipanga, tukiwa sita. Tulipita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanachota maji wapi, na mtungi ni pesa ngapi. Tukaandika kwenye daftari. Tukatafuta nakala ya bajeti, tukasoma sehemu ya wadi yetu mstari kwa mstari. Siku ya kikao hatukupiga kelele, tulisoma hesabu.

Tuliomba vioski viwili vya maji, tukapewa kimoja. Basi ikabidi turudi mtaani kueleza kwa nini ni kimoja, na kwa nini kimewekwa upande ule. Mama mmoja aliyekuwa ametukaribisha chai siku za kuandika majina hakuitikia salamu yangu kwa wiki kadhaa. Iliniuma, lakini nilimwendea tena, nikakaa, nikamsikiliza. Hiyo ndiyo siasa yenyewe: kidogo kilichopo, wengi wanaokihitaji, na wewe unatakiwa useme ukweli.

Sasa tazama kazi ya MCA. Anawakilisha watu wa wadi, anatunga sheria za kaunti, anachunguza pesa zinatumikaje. Katika hayo matatu, lipi huwezi kuanza kulifanyia mazoezi ukiwa raia wa kawaida?

Mlango uko wazi. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na liwashirikishe wananchi. Makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge hilo kufikia Aprili 30 kila mwaka. Huhitaji cheo kuingia pale.

Na ukitaka kugombea udiwani bila chama, Kifungu cha 193 kinadai uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Jiulize: leo ni wangapi wanakujua kwa kazi uliyowafanyia? Mia tano hawapatikani wiki ya mwisho kwa fulana na kofia.

Ndugu yangu, dada yangu, usikubali kuwa kijana wa kupakiwa kwenye lori kila baada ya miaka mitano. Mwezi huu chagua jambo moja tu: fomu za basari, maji, taka, au vijana wasio na vitambulisho. Tafuta wenzako watatu. Nunueni daftari. Mkichanga pesa, someni hesabu mbele ya watu hata kama ni shilingi mia mbili.

Asiyeweza kutoa hesabu ya mia mbili, tusimkabidhi mamilioni.