Mimba ya wawili, adhabu ya mmoja!

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana mjini Singida.

NDUGU zangu vijana, mlioacha bodaboda na biashara zenu kuja kunisikiliza, leo sianzi na vigogo. Naanza na sisi wenyewe.

Nilisoma sekondari moja ya mkoa huu, jina silitaji. Asubuhi moja wasichana wa kidato cha tatu walipangwa mstari, wakaminywa matumbo mmoja mmoja. Sisi wavulana tulijazana dirishani tukicheka. Mmoja akakutwa na mimba. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amebeba sanduku lake anarudi kijijini. Aliyempa mimba tulimfahamu. Tulikuwa naye pale pale dirishani, anacheka! Kidato cha nne alimaliza, cheti anacho.

Nakuuliza wewe: hiyo ni nidhamu gani?

Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja makosa dhidi ya maadili, na kuingia katika ndoa. Neno mimba halimo. Lakini wakuu wa shule waliisoma mimba ndani ya neno maadili, na maadili yakawa ya jinsia moja tu. Juni 22, 2017, pale Chalinze, Rais Magufuli akapiga muhuri: katika utawala wake, aliyepata mimba harudi shule. Wakati huo Zanzibar, ndani ya Jamhuri hii hii, ilikuwa ikiwaruhusu tangu 2010. Je, mtoto wa Ikungi ana dhambi kuliko wa Pemba?

Novemba 24, 2021, Waziri Ndalichako alitangaza kwamba warudi. Hapo tunapongeza. Ila waraka si sheria. Alichoandika waziri huyu, waziri mwingine anaweza kukifuta. Haki hii iandikwe na Bunge.

Na viboko je? Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Kila adhabu iandikwe kitabuni. Wewe mwenye mdogo wako shuleni, umewahi kukiulizia kitabu hicho?

Najua mtasema wasichana wenyewe wanapenda chipsi na lifti. Binti anatembea asubuhi na jioni kwenye jua hili mnalolijua. Mtu mzima hapo ni mwenye pikipiki, siyo yeye. Tangu 2016 sheria inasema anayempa mwanafunzi mimba ni jela miaka 30. Lakini mara ngapi tumeona wazee wakimalizana kwa ng'ombe, na sisi tukanyamaza kwa kuwa mhusika ni mshikaji wetu?

Basi ukirudi kijiweni leo, usicheke dirishani kama nilivyocheka mimi. Kama kuna binti mtaani kwenu aliyeachia njiani, mpeleke kwa mkuu wa shule, mdai nafasi yake. Wakikataa, twende wote.