Ubao wa Marembo Ukipasuka, Hasara ni ya Nani?

(Maneno yaliyosemwa kwa mafundi wa kukereza wa Ngong Road, Dagoretti Corner na Kawangware)



Wanunuzi waingiao City Market, katika Muindi Mbingu Street, hulishika bakuli la mti, huligeuza, kisha huuliza bei. Walipendalo ni marembo ya ubao: mawimbi, madoa na mistari iliyopindana. Sisi tulio kwenye kerezo twajua kwamba marembo hayo ndiyo yatupayo taabu. Hutokea mahali nyuzi za mti zilipopotoka: kwenye panda ya matawi, kwenye vinundu, karibu na mizizi. Hapo patasi badala ya kukata hung'oa, na ubao ukikauka hujikunja huku na huku hata ukapasuka.

Basi, kwanza tujue kuchagua. Mzeituni wa mwitu una mistari myeusi iliyo mizuri sana, lakini ni mgumu na hupasuka upesi. Grevilea ikipasuliwa kutoka kiini kuelekea gome huonyesha madoa yang'aayo. Ikipasuliwa kwa njia nyingine, madoa hayo hayaonekani vizuri. Pangusa ubao kwa kitambaa chenye maji, nawe utayaona marembo kabla ya kununua. Tazama na ncha zake. Ufa utokao kwenye kiini usiuamini.

Pili, tusiharakishe. Gogo bichi tulikereze nene kwanza, unene wa inchi 1 kwa bakuli la inchi 10. Tupake nta penye ncha za nyuzi, tuliweke kivulini miezi kadhaa, na kulipima kwa mizani kila juma. Uzito usipopungua tena, limekauka. Ndipo tulimalize kwa patasi kali, kidogo kidogo. Hata ubao uliokauka Pwani, ukiletwa Nairobi, futi 5,500 juu ya bahari, huzidi kukauka.

Tatu, vumbi. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Kifuniko cha pua kinachofaa ni wajibu wa tajiri, kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Sasa tuje kwenye fedha. Wengi wetu twalipwa kwa kipande. Bakuli la marembo lataka muda mwingi kuliko la ubao mnyofu, lakini daftarini yote huandikwa bakuli moja. Tena wako matajiri wanaotaka gogo bichi limalizwe leo leo, na likipasuka wiki ijayo humkata fundi mshahara. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kumkata mfanyi kazi kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa lake la kusudi. Mti kupasuka kwa tabia yake si kusudi la fundi.

Kwa hivyo twawaomba mfanye mambo mawili. Andikeni kwa penseli chini ya kila bakuli tarehe ya kukereza na uzito wake. Huo ndio ushahidi. Na kabla ya kushika ubao wa marembo, patanisheni bei yake mbali na ya ubao wa kawaida. Atakayekatwa mshahara asigombane peke yake: na amletee katibu bakuli lenyewe pamoja na karatasi ya malipo.