Gari Chini ya Turubai

Huko Uingereza wako watu wenye gari la kasi la zamani, Porsche 911. Wengi hulifunika turubai majira yote ya baridi, wakiogopa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, kwa maana chumvi huleta kutu. Tena siku moja ya utelezi yaweza kulimaliza. Hofu hiyo si ya bure.

Lakini gari likisimama miezi mingi nalo huharibika. Betri hufa, petroli huchacha, mipira inayozuia oili hukauka, breki hushikana.

Basi wako wengine wanaoliendesha mwaka mzima, nao hawafanyi ovyo. Tangu modeli za 1976 bodi yake ilipakwa zinki, ila wao bado huosha chumvi hata uvunguni. Zile zenye injini zinazopozwa kwa hewa na oili zilitengenezwa hadi 1998. Hawaikazi injini kabla oili haijapata moto.

Ndugu yangu, kukitunza kitu si kukificha. Je, wewe nawe umefunika nini kwa hofu? Kifunue leo, ukitumie kwa uangalifu.