Kumkabidhi Kijana Usukani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi, vijana na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Ifakara)



Kamati ya maadhimisho imetutaka tuzungumzie jambo ambalo kila nyumba yenye gari hulikabili siku moja, yaani kumfundisha kijana kuendesha. Huenda likaonekana dogo mno kuwekwa kando ya bhajan na sala za leo. Si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, nazo ndizo sababu kuu ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kijana tunayemfundisha yumo katika umri huo. Mtoto wa jirani anayetembea kando ya barabara akienda shule yumo pia. Tunapotoa ufunguo, tunaamua jambo linalowahusu wote wawili.

Wengi tuliojifunza udereva hapa tulikuwa na mwalimu ambaye hakulipwa, naye ni bonde lenyewe. Udongo mweusi wa Kilombero ukishalowa masika haumsamehe mwenye papara. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, gurudumu huchimba na kuzama. Ukikata usukani ghafla, gari hufuata njia yake lenyewe. Dereva alikwenda pole kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Kisha ulikuwepo mto. Aliyetoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alifika ukingoni, akazima injini, akasubiri kivuko. Awe tajiri au maskini, awe na haraka ya biashara au ya msiba, mto ulimsimamisha.

Mwaka 2018 Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa juu ya Mto Kilombero. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, takriban kilomita 67, nayo sasa ni ya lami. Tunashukuru kwa yote mawili. Mgonjwa wa Ulanga anafika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko bila kungoja kivuko, na mpunga wetu unafika sokoni bila kulala njiani. Hakuna hapa anayetamani tope lirudi. Lakini tope na mto vilikuwa vikifanya nusu ya kazi ya mwalimu, na sasa vyote viwili vimestaafu. Kijana anayejifunza leo anaweza kwenda mwendo mrefu bila kukutana na kitu kinachomlazimisha kusimama. Hana budi kusimama kwa hiari yake. Somo hilo limebaki mikononi mwetu, na ndilo tunalotaka kulisemea leo: kumfundisha kijana kuendesha ni kumfundisha kusimama.

Maandiko yetu yanalijua gari tangu zamani. Katika Katha Upanishad, mwili unafananishwa na gari la farasi. Hisi zetu ndizo farasi, fikra zinazotangatanga ndizo hatamu, busara ndiye dereva, na nafsi ndiye bwana aliyeketi ndani. Dereva akilala, farasi hawampeleki bwana wao anakotaka. Humpeleka wanakotaka wao. Tuangalie pia nani anafundishwa na nani. Mwanafunzi ni Nachiketa, mvulana mdogo. Mwalimu ni Yama, bwana wa mauti. Tuwahi sisi kumfundisha kijana somo hili, ili asije akafundishwa na Yama barabarani.

Tena Bwana Krishna mwenyewe, katika vita vya Kurukshetra, alichagua kazi ya dereva wa Arjuna. Alilipeleka gari katikati ya majeshi mawili, akalisimamisha hapo. Mafundisho ya Gita yalitolewa gari likiwa limesimama. Dereva mkuu kuliko wote tunamkumbuka kwa maneno aliyoyasema akiwa ameshika hatamu na farasi wametulia.

Sasa tushuke kwenye lami. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akimwona mtoto barabarani, sekunde moja huisha kabla mguu haujaifikia breki, na breki zenyewe huhitaji mita nyingine 14 hivi juu ya lami kavu. Jumla ni mita 28. Mwendo ukiwa kilomita 100, sekunde ile moja hula mita 28, na breki huhitaji takriban mita 56. Jumla ni mita 84. Mwendo umezidi mara mbili, lakini umbali wa kusimama umezidi mara tatu, na ule wa breki peke yake mara nne. Mvua ikinyesha, au tairi zikiwa vipara, umbali huongezeka tena. Ndiyo maana sheria imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Hesabu hii kijana wa kidato cha pili anaiweza. Tumpe kalamu aifanye mwenyewe, kisha tumpeleke kiwanjani akazihesabu kwa hatua zake mita 28 na mita 84. Akizitembea kwa miguu, hazisahau.

Je, tuanze lini? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka anayeendesha gari awe ametimiza miaka 18, na anayejifunza awe na leseni ya kujifunzia, alama ya L garini, na mwenye leseni kando yake. Hapa tuseme wazi, kwa kuwa miongoni mwetu wako wenye maduka, mashine za kukoboa mpunga na mashamba. Kijana wa miaka 15 ambaye miguu yake inafikia klachi hajawa dereva. Kumtuma na kirikuu apeleke magunia mawili mtaa wa pili, kwa kuwa ni karibu na askari hawapo, ni kumweka yeye na wapita njia rehani kwa ajili ya magunia mawili. Likitokea la kutokea, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na mzigo wa aliyeumia utabaki bila mbebaji. Na lililo haramu kwa mwanetu ni haramu pia kwa kijana wa watu tuliyemwajiri dukani. Asitumwe gari kwa sababu tu hathubutu kumkatalia bosi wake.

Lakini miaka kabla ya 18 si miaka ya kukaa bure. Samaki mkunje angali mbichi. Kijana aliyeketi kiti cha abiria anaweza kujifunza zaidi ya nusu ya udereva bila kugusa usukani. Apime upepo wa tairi, maji na oili kabla ya safari. Ajue maana ya kila alama iliyopo baina ya Ifakara na Kidatu. Atamke kwa sauti anachokiona mbele: baiskeli kushoto, mbuzi kulia, bajaji inageuka bila taa. Atajifunza pia yale ambayo hatukukusudia kumfundisha. Akituona tunapokea simu huku tunaendesha, au tunafunga mkanda pale tu tunapomwona askari, somo hilo litamwingia kabla ya mengine yote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kiti cha nyuma nacho ni mahali pa malezi.

Akitimiza miaka 18, aende shule ya udereva inayotambulika, apate leseni yake ya kujifunzia, kisha mazoezi ya nyumbani yafuate mafunzo hayo bila kuyapinga. Siku ya kwanza, kabla ya kumwonyesha namna ya kuongeza mwendo, tumwonyeshe namna ya kusimama: kwa breki ya mguu taratibu, kwa breki ya mguu ghafla, kisha namna ya kulishikilia gari kwa breki ya mkono mlimani. Arudie hadi mguu ujue njia wenyewe. Baadaye zije gia, vioo, kurudi nyuma, na mwisho kabisa lami yenye magari.

Na sisi tunaoketi kando yake tuna adabu zetu. Wako wazazi ambao, gari likitembea tu, huanza kukanyaga sakafu kana kwamba kuna breki upande wao, huku wakipiga kelele. Kelele humfanya kijana amtazame mzazi badala ya barabara. Tuseme jambo moja kwa wakati, tuliseme mapema, kwa sauti ya kawaida. Akikosea, asimame pembeni kwanza, ndipo tuzungumze. Hivyo ndivyo alivyofundishwa Arjuna.

Yako pia masomo ya bonde letu yasiyopatikana katika mji mwingine. Mahali barabara inapokatiza reli ya TAZARA, kijana asimame, ateremshe kioo, asikilize, atazame pande zote mbili. Treni haiwezi kumkwepa, wala haiwezi kusimama kwa mita 84. Karibu na Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, wanyamapori huvuka, na tembo hana habari na taa za gari. Kuelekea Kidatu, msimu wa miwa, trekta huvuta matela marefu; mwenye kutaka kulipita sharti aione barabara yote iliyo mbele, na asipoiona, avumilie nyuma. Wakati wa mavuno, jioni, wakulima hurudi na baiskeli zilizobeba magunia, nyingi hazina taa. Saa ile ya magharibi ndiyo saa ya kupunguza mwendo, ingawa lami inashawishi vingine. Hata juu ya daraja, ambapo zamani mto ulimsimamisha kila mtu, wako waendao kwa miguu.

Tunaomba jambo jingine kwa unyenyekevu: mafunzo haya yasiwe ya wavulana peke yao. Binti anayejua kuendesha anaweza kumfikisha bibi yake hospitali usiku wa manane bila kusubiri kaka yake arudi. Naye afundishwe kubadili tairi kama mwenzake.

Ndugu majirani, neno hili ni lenu hasa. Katika bonde hili wenye magari ni wachache, na waendao kwa miguu, baiskeli na bodaboda ni wengi. Gari ni mali ya nyumba moja, lakini barabara ni ya watu wote. Imani yetu inatufundisha ahimsa, yaani kutokidhuru kiumbe, na tunaikumbuka kwa urahisi tunapoketi mezani. Mtihani wake mgumu zaidi uko nyuma ya usukani, mvua ikinyesha, mwendesha gari akiwa amekaa pakavu na mama mwenye mtoto mgongoni akitembea kando ya dimbwi. Kupunguza mwendo hapo ili asirushiwe maji machafu ni ibada iliyo kamili. Mkimwona kijana wetu akikimbiza gari mtaani kwenu, msinyamaze kwa kutuheshimu. Mnaruhusiwa kumkanya kama mwana wenu, kisha mje mtuambie.

Kila Dasara wengi wetu huyaosha magari, huyavika maua, huyapaka kunkumu, huvunja nazi na kuweka ndimu chini ya tairi. Desturi hii ni njema na tuidumishe. Mwaka huu tuongeze kitu juu yake. Gari likishabarikiwa, mzee wa nyumba amkabidhi ufunguo kijana aliyetimiza miaka 18 na kupata leseni, mbele ya familia, na kijana atamke ahadi tatu: kwamba hataendesha akiwa na simu mkononi wala kileo mwilini, kwamba atakwenda kwa mwendo wa sheria hata asipoonwa na mtu, na kwamba atampisha aendaye kwa miguu. Naye mzee ajibu kwa ahadi moja: kwamba hatamtuma kijana yeyote, awe wa kuzaa au wa kuajiri, aendeshe kabla ya wakati wake au akiwa amechoka.

Nazi, maua na ndimu haviwezi kukanyaga breki. Mguu wa kijana ndio utakaoikanyaga, nao utafanya ulivyozoezwa. Mwenyezi Mungu awape vijana wetu macho yaonayo mbali na mioyo yenye subira, awarejeshe salama wote walio njiani leo, wa nyumba zetu na wa nyumba zenu.